Pikapu Niliyosema Bwana Amenionyesha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Huyo Bwana ninayewaambia asifiwe ni yule yule niliyemsingizia maneno, na bado akaniachia mtoto wangu akiwa mzima. Kwa hivyo mkiitikia amina, itikieni kwa nguvu.

Mimi ni Wairimu, mama yake Ndegwa. Hapa Kitengela wengi mnaniita Cucu wa Maombi, yaani bibi wa maombi. Shuleni nilifika darasa la tatu, mwalimu wangu akiitwa Gathoni. Haya maneno nimeyaandika mwenyewe kwenye daftari, siku nne nzima. Mkiona mahali nimekosea, songeni mbele, maana mtaipata.

Ndegwa ni kitinda mimba wangu. Ni fundi wa magari. Mwaka jana alitaka kuanza kazi ya kubeba magari yaliyoharibika barabarani. Gari ikikwama Isinya, au Kajiado, au kule Ewuaso Kedong, mwenyewe anapiga simu, Ndegwa anaenda, anaipandisha kwenye trela na kuileta. Trela alikuwa nayo tayari, alichomewa na Wafula, yule fundi wa vyuma wa pale karibu na soko. Kilichobaki ni pikapu ya kuivuta. Yeye na mke wake Naserian waliweka akiba, na mimi nikatoa ndama zangu mbili, Kanini na Nyange. Ndugu zangu, hapo ndipo shida ilianzia. Nilipotoa ndama, nikaona na mimi nimeshika usukani.

Tukaenda watatu kwenye yadi ya magari. Muuzaji aliitwa Mutiso, kijana mwenye viatu vya kuchongoka na maneno matamu. Pale kulikuwa na pikapu mbili tunazoweza. Sitataja jina la kampuni iliyozitengeneza, kwa sababu gari haikukosa. Aliyekosa ni mimi.

Ya kwanza ilikuwa nyeupe kama maziwa, ndogo, inang'aa, viti vya ngozi, na ndani inanukia vizuri. Ya pili ilikuwa ndefu, ya dizeli, rangi ya kijani imefifia, ubavu umegongwa, na kiti cha dereva kimepasuka mpaka sponji inachungulia. Lakini Ndegwa alilala chini akaiangalia tumboni, akatoka akicheka. Akaniambia iko na vyuma viwili vinene vimetoka mbele mpaka nyuma kama reli, na kile chuma cha kushika trela kimefungwa kwenye hizo reli zenyewe.

Naserian anafanya kazi kwenye duka la simiti na mabati. Kila siku anaona pikapu zikipakiwa, anajua ni gani itainama na ni gani itabeba. Aliizunguka ile nyeupe mara mbili. Akafungua mlango akasoma kile kibati kidogo kilichobandikwa pale. Akamwambia Ndegwa, "Baba Timo, hii ni ya kubeba nyanya. Trela na gari juu yake ni karibu tani mbili. Hii yenyewe haifiki hapo. Itavutaje kitu kinachoishinda uzito?"

Mutiso akasema, "Madam, hayo ni maandishi tu. Hii injini iko na roho."

"Roho haishiki breki," Naserian akamjibu.

Ndugu zangu, alikuwa anasema ukweli, na mimi niliona ni ukweli. Lakini nilikuwa nimeshajiona nikishuka kwenye ile nyeupe hapa kanisani Jumapili. Dada yangu Teresia, uko hapo mbele, nisamehe. Kila Jumapili kijana wako anakufungulia mlango wa gari, wewe unatoa mguu mmoja polepole, na mimi nimesimama na vumbi mpaka magotini. Nilitaka na mimi nitoe mguu polepole!

Basi nikafumba macho pale pale kwenye yadi. Nikainua mkono. Nikasema, "Bwana amenionyesha hii nyeupe."

Ndugu zangu, hakunionyesha kitu! Nilifumba macho nikaona giza, vile mtu yeyote huona akifumba macho.

Na haikuwa mara ya kwanza. Jina la mjukuu, nilisema nimeonyeshwa. Mahali pa kuchimba choo, nimeonyeshwa. Nyumbani kwangu hayo maneno yalikuwa kama rungu, nikiyatoa kila mtu anakaa chini. Nani atabishana na Mungu? Ndegwa aliinamisha kichwa. Mutiso akasema amina kwa nguvu kuliko sisi wote. Naserian peke yake alinitazama, akasema kwa heshima, akiniita mama kwa Kimaasai, "Yeyo, hata mimi huwa namwomba huyo Mungu. Mimi ameninyamazia."

Tukanunua ile nyeupe. Nikaipaka mafuta kwenye boneti na matairi yote manne.

Miezi miwili Ndegwa alivumilia. Akibeba gari ndogo kwenye barabara tambarare, anafika. Akipata mlima, injini inalia mpaka watu wanatoka madukani kutazama. Mbele pikapu inainuka, nyuma inakaa chini kama mtu anataka kuchuchumaa. Naserian alikuwa akisikia simu ya kazi imeingia, anaacha anachofanya, na jioni anasimama kwenye geti mpaka aone taa za hiyo pikapu zikikata kona. Hakuniambia neno. Angeniambia nini? Mungu alikuwa ameshasema.

Siku moja ya Alhamisi Ndegwa alipata kazi ya kutoa gari Embulbul na kuipeleka Ewuaso Kedong. Ilikuwa ya mwalimu mmoja anaitwa Tipape, imetengenezwa injini. Nikasema twende pamoja, kwa sababu dada yetu Noonkishu wa Ewuaso alikuwa mgonjwa, nimwombee. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka Noonkishu anione nikishuka.

Mnajua vile barabara inateremka ukiacha Ngong, unaona bonde lote limelala chini yako. Tulianza kuteremka saa nne asubuhi. Kwanza nilisikia kama mtu anatusukuma kwa nyuma. Kidogo tu. Halafu tena. Halafu mkia wa pikapu ukaenda kushoto, ukarudi kulia, kushoto tena, na kila mara unaenda mbali zaidi.

Ndugu zangu, mimi niliuza maji na mkokoteni wa punda hapa Kitengela miaka mingi. Nilikuwa na punda wangu Njogu, na Waithera, na Kabui. Kabui alikuwa mwepesi, mzuri wa sura. Siku moja nilimfunga kwenye mapipa yaliyojaa, na tukifika kwenye mteremko wa mto, mkokoteni ukaanza kumsukuma yeye. Hakuwa anavuta tena. Alikuwa anafukuzwa. Miguu yake ya nyuma ikakunjika nikiangalia, na hakuamka. Sasa pale kwenye kiti cha ngozi, nikasikia ile kitu ya Kabui imetujia. Nikajua hatuvuti trela tena. Trela ndiyo inatupeleka.

Nikamtazama Ndegwa. Jasho linamtiririka, mishipa ya mikono imesimama. Na nikajua, huyu mtoto atakufa kwa sababu nilidanganya. Watasema kwenye mazishi Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na watakuwa wanamsingizia mara ya pili!

Nikapiga kelele, "Ndegwa, sikuonyeshwa!"

"Nini?"

"Hiyo gari! Sikuonyeshwa! Ilikuwa mimi!"

"Mami, nyamaza nishike gari!"

Nikaomba kimoyomoyo, na ilikuwa maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba, mimi ambaye mnanijua kwa maombi marefu. Nilisema tu, Bwana, ni mimi, si yeye.

Ndegwa hakukanyaga breki kwa nguvu, na alikuja kuniambia kwamba angekanyaga, trela ingetupita ubavuni na kutukunja kama karatasi. Alitoa mguu kwenye mafuta, akashusha gia, akashika usukani ukiwa umenyooka, akaacha ule mkia uchoke wenyewe. Ukapunguza kidogo. Mbele yetu, upande wa mlima, watu wa barabara walikuwa wameacha rundo la murram, ule udongo wa kutengenezea barabara. Akalielekea. Tukaingia kwenye murram mpaka taa zikazama. Trela ikazunguka nusu, tairi moja ikabaki inaning'inia mtaroni. Halafu kukawa kimya. Nilisikia kengele za mbuzi.

Ndugu zangu, tulikuwa wazima! Hata kioo hakikupasuka! Ndegwa aliweka kichwa kwenye usukani, mabega yake yanatetemeka. Nilifikiri analia, kumbe anacheka. Akasema, "Mami, gari inaenda bondeni na wewe unanipatia ushuhuda."

Vijana watatu waliokuwa wanachunga mbuzi wakaja mbio, Parsaloi, Saitoti na Kipeen. Wakaweka mawe kwenye matairi, wakanishika mkono nikashuka. Nilishuka polepole, ndiyo, lakini ni kwa sababu mguu ulizama kwenye murram mpaka gotini. Parsaloi akaitazama pikapu, akaitazama trela na gari ya mwalimu juu yake. Akasema, "Pole sana, koko," ndivyo wanavyomwita bibi kwao. "Lakini ni nani alifunga mbuzi avute ng'ombe?"

Nikasema, "Ni mimi."

Ndugu zangu, hayo maneno mawili ndiyo wokovu wangu. Sikusema ni shetani. Sikusema Bwana alikuwa anatujaribu. Nilisema ni mimi, na kitu fulani kikanitoka kifuani, nikapumua mpaka chini.

Jioni hiyo nilimwendea Naserian jikoni. Mnajua si rahisi mama mkwe kumwomba mke wa mwanawe msamaha. Nilimweleza yote, pamoja na hiyo ya Teresia na mguu. Akaacha kumenya viazi. Akasema, "Yeyo, mimi miezi miwili nimeogopa kubishana na Mungu. Kumbe nilikuwa nabishana na wewe? Hiyo ningeweza!" Akacheka, akalia, akanipa kisu nimalizie viazi.

Ile nyeupe ilipata mnunuzi, mama mmoja wa Kware, anaitwa Grace, anabebea mayai, na inamfaa kabisa. Ile ya kijani tulikuta imeshauzwa. Tukatafuta wiki tatu, mpaka tukafika yadi moja Kajiado. Safari hii Ndegwa alilala chini ya kila pikapu na tochi, na Naserian akasoma kila kibati na kila kitabu cha gari, imeandikwa inaweza kuvuta uzito gani, trela ikiwa na breki na ikiwa haina. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba wangu mapajani.

Muuzaji wa huko akaniona mzee, akanijia. "Shosho, hii ndiyo baraka yako. Hata wewe unasikia moyoni."

Nikamwambia, "Baba, usimlete Bwana hapa. Tuonyeshe kibati."

Ndegwa alicheka mpaka akashika ukuta.

Wakapata moja ya dizeli, nzito, yenye zile reli chini, springi nene nyuma. Si mbaya kwa sura, lakini hakuna mtu atageuza shingo ikipita. Wafula akaiongezea trela breki zake, ili isiwe inamsukuma anayeivuta. Walipoijaribu na gari juu, niliona wameegesha ile gari nyuma sana kwenye trela. Nikainua mkono. Wote wakaacha kazi, na nikaona Naserian amefumba jicho moja, anangoja.

Nikasema, "Hili sikuonyeshwa. Hili nalijua. Mapipa yakikaa nyuma sana, mkokoteni unainua punda, na punda aliyeinuliwa hana nguvu ya kukanyaga. Isogezeni mbele kidogo, uzito uegemee pikapu. Kidogo tu, msimvunje mgongo."

Wakaisogeza. Ndegwa akaendesha mpaka kwenye lami na kurudi, na mkia haukucheza. Naserian akaniambia, "Yeyo, ungekuwa unasema hivi kutoka zamani." Na ni kweli! Miaka yote nilikuwa na maneno yangu mwenyewe, mazuri, ya kazi, nikayadharau, nikachukua ya Mungu nisiyopewa.

Mwezi uliopita Ndegwa alipata tena kazi ya Ewuaso. Nikapanda. Naserian hakusimama kwenye geti siku hiyo, alikuwa anafua. Tulipofika pale juu ya mteremko, Ndegwa akaweka gia ndogo, na trela ikatufuata kimya kama ng'ombe anayejua nyumbani. Nilitaka kuwaambia niliomba mpaka chini. Sitawadanganya tena. Nililala! Ndegwa ndiye aliniamsha tumefika kwa Noonkishu, na mate yamenitoka kwenye kanga.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa ajili ya Ndegwa, na Naserian, na wale vijana watatu, na yule mtu wa barabara aliyemwaga murram mahali pale na simjui jina, na inaniuma kwamba simjui.

Na sasa nawaita. Najua tuko wengi. Wewe uliyesema Bwana amekuonyesha binti wako aolewe na nani. Wewe uliyesema amekuonyesha shamba liende kwa nani. Kama alikuonyesha kweli, kaa kwa amani, mimi sikuhukumu. Lakini kama ulifumba macho ukaona giza, ukataka tu kitu chako, usiogope kumwambia. Hatakupiga. Mimi nilimwambia tukiwa kwenye mteremko, trela ikitusukuma, na alinisikia. Wewe una bahati, unaweza kumwambia ukiwa umekaa kwenye benchi. Njoo tu hapa mbele, useme ni mimi. Nitakushika mkono, na Teresia atatusongea tupate nafasi.