Clementina, Aliyeandikwa kwa Mkono

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumuaga Clementina kabla hajapelekwa uwanja wa ndege wa Baiyun, kaka zake wako Kagera wakiandaa kaburi, kwa hiyo familia imeniomba mimi mumewe, George, niisome historia yake, nami nitaisoma kama nilivyoiandika, maana nikianza kuongeza maneno sitafika mwisho.

Marehemu Clementina Kokushubira Medard alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 katika kijiji cha Kanyigo, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Medard, karani wa chama cha ushirika cha kahawa, na Mama Sesilia, mkulima, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, akaendelea na sekondari mjini Bukoba, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005, alikohitimu shahada ya ualimu mwaka 2008. Septemba ya mwaka huohuo alifika Guangzhou kwa ufadhili wa masomo, akasoma Kichina kwa mwaka mmoja, halafu afya ya jamii, hadi alipopata shahada ya uzamili Juni 2012, na Kichina chake, ambacho sisi wanafunzi wenzake tulikionea wivu, kilimfungulia milango mingi na kumchosha kwa mengi zaidi.

Tulifunga ndoa tarehe 24 Julai 2010 katika kanisa la kwao Kanyigo, tukajaliwa watoto wawili, Edina, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2012, na Geofrey, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2016, wote hapa Guangzhou. Tangu alipozaliwa Edina, kama ilivyo desturi yetu, watu waliacha kumwita Clementina, akawa Mama Edina, sokoni, kanisani na kwenye simu, hata mimi nyumbani nilimwita hivyo, na kwa miaka saba hakuna aliyeona tatizo.

Kuanzia Agosti 2012 alikuwa mkalimani katika masoko ya nguo ya Liuhua, akisimama kati ya wafanyabiashara wetu na malaoban, kama tunavyowaita wenye maduka, lakini kazi aliyojulikana nayo hakuajiriwa na mtu. Wodi za hapa humtegemea ndugu wa mgonjwa, ndugu ndiye anayeleta chakula, anayemgeuza mgonjwa kitandani, anayemsikiliza daktari na kusaini, na aliyekuja peke yake kununua mzigo hana ndugu. Machi 2018 Bi Swalha wa Unguja, ambaye yupo nasi hapa, alilazwa akisubiri kupasuliwa kidole tumbo, hana mtu, akiwaelewa waliomzunguka kwa macho tu, hadi Clementina alipopata habari sokoni, akaenda, akakaa naye mpaka alipotoka. Baada ya Swalha walifuata wengine, simu hazikuisha, naye akaanza kusema kwamba mtu mmoja hatoshi, kwamba jumuiya yetu iweke zamu, ili mgonjwa yeyote, mwenye duka au mwanafunzi, Mwislamu au Mkristo, asilale wodini peke yake.

Jambo hilo lingeweza kupitishwa na baraza la jumuiya yetu ya Wana-Afrika Mashariki tu, ndiyo maana mwaka 2019 alitaka kiti cha Liuhua barazani. Kwa utaratibu wetu familia ilihesabiwa kuwa mwanachama mmoja, kwa jina la mume, kwa hiyo jina lake halikuweza kuchapwa kwenye karatasi ya kura, lakini chini ya jina la mgombea pekee, Bwana Gharib wa maduka ya viatu, palikuwa na mstari mtupu, na katiba ilimruhusu mpiga kura kuandika hapo jina la mwanajumuiya mwingine amtakaye, hata asiyeandikishwa kwa jina lake. Clementina alizunguka duka kwa duka akieleza habari za mstari huo, na Gharib, ambaye hajawahi kutuacha bila utani, alimwambia mbele ya wateja, "Shemeji, mwenzio nimepigwa chapa, wewe utachaguliwa kwa kalamu ya risasi?"

Tarehe 17 Novemba 2019 karatasi zilipofunguliwa, zilizojazwa mstari ule zilikuwa nyingi kuliko zilizotiwa alama kwa Gharib, ila zilisema Mama Edina, au Mama Edina wa hospitali, au mke wa George, na chache mno zilisema Clementina. Msimamizi wa uchaguzi, mtu mpole asiyetaka kumwonea yeyote, alisema, "Mama Edina si jina la mtu, ni heshima ya nyumbani," akakumbusha kwamba wapo akina Mama Edina wengine wawili papa hapa, na kura zile zikawekwa kando, Gharib akachukua kiti. Swalha alimjia akilia, kwamba siku zote zile wodini hakuwahi kumuuliza jina, naye Clementina akamwambia, "Usilie, Swalha. Hata mimi ndivyo nilivyojitambulisha kwako."

Kisha ukaja ugonjwa ule wa dunia nzima, mipaka ikafungwa, wengi wenu mkakwama nyumbani Afrika, na yeye akaendelea na wagonjwa waliobaki. Katika miaka hiyo alijizoeza kupokea simu kwa kutaja majina yake yote matatu, watoto wakimcheka, na kila aliyemwita Mama Edina aliitikia kwanza, kisha akamtajia jina. Nilimwona anachoka, nikamshauri aache, akavaa viatu akatoka. Tarehe 12 Novemba 2023, katika uchaguzi uliofuata, jina lake halikuchapwa vilevile, lakini safari hii mstari ulijazwa Clementina Kokushubira Medard, kwa miandiko ya kila aina, akashinda, na Gharib aliyeshindwa ndiye aliyeanza kupiga makofi. Baraza lilipitisha zamu ya wagonjwa mwezi Machi 2024.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alikataa kuwekewa zamu, akisema yeye ana mume, lakini mume mwenyewe nilikuwa bandarini Huangpu na makontena tangu asubuhi, na baraza halikumsikiliza. Swalha alimlisha uji, Gharib alikuja kila Jumanne akakaa karibu na mlango akimtania habari za kalamu ya risasi, hata alipokuwa hawezi tena kucheka. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, asubuhi, nikiwa njiani kutoka kumpeleka Geofrey shuleni, Swalha akiwa amemshika mkono. Hakuwa peke yake, na katika uchovu huu ndilo ninaloshikilia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa jengo letu waliokaa na watoto, wakalimani wenzake wa Liuhua, wenzangu wa Huangpu, na wote walioshika zamu, ambao naomba wasiiache.

Hati za safari zina majina yake yote matatu, nimeyahakiki mwenyewe. Utepe wa shada hili, ulioandikwa na akina mama wa sokoni, unasema Mama Edina tu, nami nimeuacha ulivyo, kwa sababu leo hakuna wa kuuliza ni Mama Edina yupi.

Zamu yako imekwisha, Mama Edina. Pumzika kwa amani.