Karatasi Niliyoificha Kwenye Kihenge

Siku ile ya baraza la pili, huku kwetu karibu na Kalenga, tulikuwepo hawa: jumbe, karani wake aliyeitwa Filipo, kaka yangu Gaudensi, jirani yangu Agata (ndiye huyu aliyekaa hapo mbele), mimi, na mume wangu. Yeye simtaji. Wajukuu zake tunasali nao.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Mume wangu aliapa huko kwao ng'ambo ya kijito, mbele za watu, kwamba atanikata kwa kisu. Baraza la kwanza likamwamuru akae kwao, asivuke kijito kuja kwangu. Filipo akanipa karatasi yenye amri hiyo. Kusoma sijui, na niliona aibu majirani wajue mambo ya nyumba yangu. Nikaifukia kwenye kihenge, katikati ya mahindi, nikidhani itanilinda kama dawa.

Masika yakaingia. Akaniita toka ng'ambo: "Mke wangu, milanzi yangu huko kwako inaharibika! Nije kugema tu." Ndugu zangu, mnajua mlanzi, mwanzi huu wa pombe, hugemwa asubuhi na jioni, usipoukata pombe haitoki. Nikamhurumia, maana aliipanda yeye. Nikasema, "Haya, vuka. Ila nyumbani usifike." Mimi mwenyewe! Mtu aliyeniahidi kisu, nikamruhusu aje na kisu mara mbili kwa siku.

Agata alimwona akipita, wakaamkiana vizuri tu, "Kamwene!" Angejuaje kwamba amekatazwa?

Jioni ya nne hakwenda kwenye milanzi, alikuja nyumbani na kisu chake. Nilikuwa nasonga ugali. Kovu hili la mkono ni la jioni hiyo. Nilipiga yowe, Agata akaja na mchi, Gaudensi nyuma yake, wakamshika.

Kwenye baraza hilo la pili Filipo akauliza, "Mama, karatasi iko wapi?"

"Kwenye kihenge."

"Kwani panya wanajua kusoma?"

Watu wakacheka. Nikainama. Agata hakucheka. Alisema, "Dada, ungeniambia, ningepiga yowe siku ya kwanza."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kisu.

Karatasi ikaletwa, Filipo akaisoma kwa sauti, mara mbili. Jumbe akamwambia mume wangu, "Hata yeye akikuita, usivuke. Amri ni ya baraza, si yake." Akafungwa. Alipotoka hakuvuka tena. Kijiji kizima kilikuwa kinatazama kijito.

Gaudensi, pumzika kwa amani. Agata, asante. Nanyi mabinti, mkipewa amri ya mahakama, waambieni jirani, mwenyekiti, mwalimu wa watoto. Msiilegeze kwa huruma. Aibu niliyoificha ndiyo iliyomfungulia njia.

Nimezeeka. Kama nimekosea jina au siku, Agata, nisahihishe hapa hapa, mbele ya wote. Sitaki kuficha tena.