Historia ya Mama Pindo, Aliyefia Pinguni

Ndugu waombolezaji, marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pindo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, akiwa mtoto wa pili wa fundi viatu na mkewe, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akajifunza ushonaji katika chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1978.

Aliajiriwa katika kiwanda cha nguo mwaka 1979, na kilipofungwa mwaka 1994 akaweka cherehani yake barazani, akashona sare za shule, akimwachia kila mtoto pindo refu la kufumuliwa kadiri anavyorefuka, na mzazi aliyelalamika kwamba sketi inaburuzika chini aliambiwa, "Subiri muhula mmoja, utaniletea soda."

Tarehe 12 Desemba 1982 alifunga ndoa na baba yetu, fundi bomba, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano.

Mwezi Machi 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Dawa zilimtapisha hata maji, akakonda, mpaka alipoanza kunywa majani ya bangi yaliyochemshwa, na hapo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akamaliza sahani ya wali, akaomba aongezewe. Wapo waliotusihi tuseme tu kwamba aliugua akafariki. Hatutasema hivyo, kwa sababu si kweli.

Tarehe 4 Juni 2023 askari waliingia jikoni, wakalichukua kopo la majani lililokaa kando ya chumvi, wakamchukua na yeye, akashtakiwa kwa kupatikana na bangi, akanyimwa dhamana, akawekwa mahabusu, ambako alitapika mpaka akazimia. Tarehe 2 Julai alilazwa hospitalini, mkono wake wa kulia ukafungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Baba alimsihi askari wa zamu amfungue, apate kugeukia ubavu usiouma, akajibiwa, "Mzee, sheria haina mgonjwa." Mama, kwa sauti iliyokwisha, akasema, "Mwanangu, nitoroke niende wapi, nami hata chooni nabebwa?" Askari akacheka, wala hakufungua.

Alifariki tarehe 16 Julai, akiwa chali, na mwili wake ukabaki na pingu mpaka jioni, kwa kuwa ufunguo ulikuwa umeondoka na askari aliyemaliza zamu. Wanaotuambia sheria hii ya bangi inatukinga na madhara, watuonyeshe mama huyu alimdhuru nani, ila kwamba alikula akashiba.

Tunamshukuru daktari aliyeandika mara mbili kuomba afunguliwe, wauguzi waliomfuta jasho, majirani, na mafundi wenzake walioishona sanda yake bila kulipwa. Kwa wengine hatuna shukrani.

Kesi yake haijafutwa, imepangwa kutajwa tarehe 27 mwezi huu. Mwenye nafasi na aje, ili karani atakapoliita jina lake tusimame sote, tumwambie hakimu tumemzika wapi.

Mama, wewe pumzika kwa utulivu, siku hiyo tutaitika sisi.