Saa ya Kasereka

Benchi la Filda liko ukutani kwa fundi baiskeli, Arua, karibu na posta. Mwaka ule sukari ilikuwa imepotea madukani, watu wakanywa kahawa yake ya tangawizi chungu hivyohivyo, na bado wakaisifu. Akishauza, Filda huenda hospitali kunyoosha miguu ya watoto waliopooza, na sasa alikuwa amejaza fomu ya shule ya tiba ya viungo, Kampala. Fomu ilisema wazi: muhuri wa posta usipite leo, Jumamosi. Jumamosi posta hufungwa saa sita mchana. Bahasha ilikuwa imekaa wiki mbili chini ya sinia la vikombe, maana wazee wa benchi walikuwa hawajakata shauri ni siku gani nzuri ya kuipeleka.

Wazee wenyewe ni watatu. Santo wanamwita Mgongo, kwa sababu wake haumpi amani mpaka Filda aukande. Enoch ni Redio, hakuna habari inayompita. Kasereka, muuza vitenge kutoka ng'ambo ya mpaka wa Vurra, ndiye mwenye saa ya mkononi peke yake pale. Saa hiyo inafuata majira ya kwao Aru, saa moja nyuma ya Arua, kwa hiyo ukimuuliza hutazama, hujumlisha moja, ndipo atamke. Filda hakuwahi kumwona akikosea.

— Mzee Kasereka, saa ngapi? aliuliza akimimina.

— Saa ine na nusu. Wakati iko mingi.

— Barua ya mapema hapana mzuri, Redio alidakia. Inakaa chini, zingine zinakuja juu yake. Mukubwa anasoma ya juu, anachoka, anakwenda kula.

— Basi niipeleke sasa, niwe juu.

— Sasa watu yote inapeleka! Wewe ngoja wamalize.

— Ngoja mvua, alisema Mgongo. Wakati ya mvua migongo yote inauma, hata ya mukubwa wa shule. Akisoma barua yako huku anashika kiuno, umeingia.

— Mutu ya ofisi anaangalia mwezi, alisema Kasereka. Mwezi ikikuwa kubwa, roho yake inakuwa mzuri. Juma kesho itakuwa kubwa.

— Afadhali mwaka kesho, Redio alihitimisha. Watakuwa wamesahau wale walikataa mwaka huu.

— Mimi hawajanikataa, mzee.

— Si unaona? Haraka ya nini?

Filda alicheka, maana aliwapenda. Lakini alianza kuona kwamba wiki mbili nzima wanapiga hesabu, na hesabu hazijaangukia leo hata mara moja.

Ndipo akaketi mgeni, Hawah wa Koboko, muuza vitunguu anayeshinda mpakani Vurra. Aliomba kikombe.

— Natoka posta, alisema. Wameanza kufagia.

— Kufagia? Filda aliuliza. Saa nne hii?

Hawah aliuvuta mkono wa Kasereka, akaitazama saa.

— Mzee, umejumlisha? Hapa inakaribia saa sita.

Redio alichungulia ndani ya kikombe chake. Mgongo alishika kiuno, ingawa hakikuuma.

— Nilisahau, binti yangu, alisema Kasereka. Kisha akainamisha kichwa. Hapana. Sikusahau. Wewe ukienda, sisi tutakaa wapi?

Hasira ilimpanda Filda, na huruma ikaja nyuma yake palepale. Hakungoja zishindane. Alimwekea Kasereka birika mikononi, akachomoa bahasha yenye alama ya kikombe pembeni, akakimbia.

Karani alikuwa ameshika kibao cha kufungia dirisha akigonga muhuri wa mwisho, na ulikuwa wa bahasha ya Filda. Filda alirudi akitembea, kifua kikimpanda. Birika lilikuwa tupu. Mgongo alisogea, akampisha nafasi kwenye benchi, mahali ambapo hajawahi kuketi miaka yote ya kuuza.

— Imekwenda?

— Imekwenda.

Kasereka alivua saa, akasogeza mishale mbele saa moja, akaiweka kiganjani mwa Filda.

— Shika. Kule Kampala hapana jumlisha.

Filda aliifumbata, machozi yakamlenga. Redio ndiye aliyeshindwa kujizuia.

— Sasa sisi tutajua saa namna gani?

Akainua kikombe chake, lakini kahawa ilikuwa imekwisha.