Kitambaa Hakijakunjwa

SEVERO: Haloo? Nani mwenzangu? Ongea juu, humu ukumbini mtandao ni wa kuombaomba.

BASILIA: Shemeji, ni mimi.

SEVERO: Mimi nani? Mimi wako wengi.

BASILIA: Basilia! Mdogo wake Nicanora. Unaye shemeji mwingine? Habari za asubuhi?

SEVERO: Asubuhi iko huko nje. Mimi bado niko kwenye mkutano wa jana.

BASILIA: (anashusha pumzi) Basi ni kweli. Umelala humo.

SEVERO: Sijalala. Nimekaa.

BASILIA: Shemeji, mkutano uliisha jana saa kumi. Mwenyekiti aliufunga, watu wakapiga makofi, tukanywa supu ya karanga, kila mtu akashika njia ya kwa—

SEVERO: Aliufunga na nini?

BASILIA: Eh?

SEVERO: Nauliza aliufunga na nini. Na mdomo? Tangu lini mkutano wa Wila Pata ukafungwa kwa mdomo? Kitambaa kiko hapa mbele yangu, kimetandikwa, majani ya koka ya kutafuna yako juu yake. Kitambaa kikiwa wazi, mkutano uko wazi. Aliyekitandika ndiye anayekikunja, na hakikunji mpaka wa mwisho aseme sina neno. Mimi ndiye niliyekitandika. Na nina neno.

BASILIA: Lakini Mtaalamu alieleza. Alisema hii ni njia mpya, ya kushirikisha kila mtu—

SEVERO: Ya kushirikisha!

BASILIA: Ngoja nimalize—

SEVERO: Saa tatu, Basilia. Watu mia na ishirini, kwa saa tatu tu. Baba zetu walikaa siku nne kukubaliana daraja lipite wapi, na daraja bado lipo. Huyu mama katoka mjini na kadi za rangi, akatuambia kila mmoja aandike ndoto yake ya ushirika, maneno matatu, yasizidi. Nani aliwahi kuota kwa maneno matatu?

BASILIA: (anacheka kidogo) Mzee Toribio aliandika moja tu.

SEVERO: Kwa sababu ndilo analojua kuliandika. Jina lake! Na kadi ikabandikwa ukutani. "Toribio." Ndoto ya ushirika ni Toribio. Wakapiga makofi.

BASILIA: Shemeji, sikiliza. Wageni wanafika saa sita. Wanunuzi wa kahawa, na mtu wa wizara. Kibao cha dira ya ushirika kimeshaandikwa, kiko hapa kwa Mwenyekiti Apaza, rangi haijakauka, nzi wamenasa kwenye herufi. Kinatakiwa kitundikwe humo ukumbini. Wakikukuta umekaa sakafuni kama—

SEVERO: Kama nini? Malizia.

BASILIA: Kama mtu mwenye hasira.

SEVERO: Ah, hapo umesema. Wasalimie, waambie mwenye hasira hajambo. (mkwaruzo) Haloo?

BASILIA: Nipo. Nimesogea kwenye ukuta wa kanisa, huku ndiko simu inakoshika. Salio langu dogo, tusizunguke. Apaza kanituma. Anasema ukunje kitambaa sasa, jambo hili liishe kimya kimya, hatakuandika vibaya.

SEVERO: Ataniandika vibaya wapi? Kwenye daftari gani? Mimi sisomi, aandike anavyotaka.

BASILIA: Anasema ukikataa, atakikunja yeye.

SEVERO: (anacheka) Na nani? Na nani, shemeji? Kitambaa kinakunjwa na watu wawili. Mume pembe hizi, mke pembe zile. Mwaka huu zamu ni ya nyumba yangu. Nicanora angekuwa hai angekaa hapa. Kwa kuwa hayupo, nafasi yake ni yako, mdogo wake. Mkutano mzima ulikubali hivyo. Kwa hiyo Apaza anaweza kuja na mhuri wake, na mtu wa wizara, na askari akitaka. Bila mkono wako hakikunjiki.

BASILIA: Ndiyo maana kanituma mimi.

SEVERO: Najua ndiyo maana kakutuma. Mtu huyo si mjinga. Ni mbaya tu.

BASILIA: Usimseme hivyo. Amekuwa mwenyekiti mwaka wa tisa, barabara ya juu ililetwa na yeye.

SEVERO: Ililetwa na kahawa yetu. Yeye alikata utepe. Nisomee kibao.

BASILIA: Kusoma cha nini?

SEVERO: Wewe ndiye katibu. Msomee mwanachama wako dira yake. Si ya wote? Mimi si ndani ya wote?

BASILIA: (anasoma) "Ndani ya miaka kumi, kahawa ya Wila Pata itafika sokoni kwanza, bila kuchelewa na bila kusimama."

SEVERO: Rudia mwisho.

BASILIA: Shemeji—

SEVERO: Rudia.

BASILIA: "Bila kusimama."

(mkwaruzo wa mtandao)

SEVERO: Nani alitaka hivyo?

BASILIA: Kadi. Mtaalamu alizipanga kwa mafungu. Fungu la usafiri ndilo lilikuwa kubwa. Kadi arobaini na moja.

SEVERO: Na yangu ilikuwa fungu gani?

BASILIA: Mtandao unakata—

SEVERO: Haukati. Nakusikia mpaka unavyomeza mate. Kadi yangu uliiandika wewe. Nilikaa pembeni yako kwenye benchi, nikakuambia neno kwa neno. Nilikuambia nini?

BASILIA: Nakumbuka.

SEVERO: Nilisema, lori la ushirika likimkuta mgonjwa njiani, lisimame. Hata likiwa limejaa. Magunia yashuke, mtu apande. Hayo tu. Sikuomba shule, sikuomba mashine, sikuomba hata dawa. Wewe ukaandika nini?

BASILIA: Maneno yalikuwa matatu tu, shemeji! Yule mama alikuwa amesimama juu ya kichwa changu na saa mkononi—

SEVERO: Uliandika nini?

BASILIA: "Usafiri wa uhakika."

SEVERO: Usafiri wa uhakika.

BASILIA: Nilidhani ndiyo maana yake.

SEVERO: Kwa hiyo kati ya kadi arobaini na moja zinazosema lori lisisimame, moja ni yangu.

BASILIA: Ndiyo.

SEVERO: Mimi, Severo Callisaya. Nimelipigia kura.

BASILIA: Nisamehe.

SEVERO: (pole pole) Tulikuwa tumembeba Nicanora juu ya mlango. Mlango wa jikoni, niliung'oa mwenyewe. Watu sita. Tukasikia lori letu linakuja nyuma, nikawaambia wenzangu, haya, mtueni, tumepona. Nikavua kofia nikapunga.

BASILIA: Usinisimulie, shemeji. Najua.

SEVERO: Likapiga honi. Honi, Basilia! Kama vile sisi ni ng'ombe tumezagaa barabarani.

BASILIA: Lilikuwa limejaa. Meli ilikuwa inangoja pwani kwa—

SEVERO: Meli.

BASILIA: Ndivyo ilivyokuwa imeandikwa kwenye karatasi ya dereva.

SEVERO: Ndiyo. Dereva alinionyesha ile karatasi, baada ya mazishi. Alikuwa analia, maskini. "Usisimame popote." Ina mhuri wa Apaza chini. Lakini mwandiko si wa Apaza. Apaza anaandika kama kuku. Sikuulizi. Nimekaa mwaka na miezi miwili sijakuuliza, umekuja kwangu kila Jumapili na viazi vikavu vyako, nimekula, sijakuuliza. Na leo sikuulizi.

BASILIA: Severo, mimi sikujua ni nani atakuwa njiani—

SEVERO: Sikuulizi, nimesema! Mtu mdogo anaandika anachoambiwa. Aliyeagiza ndiye ninayemtaka. Nataka asimame humu, mbele ya watu, asikie neno langu lote, lisilokatwa. Halafu aniambie hapana kwa mdomo wake. Akisema hapana, na watu wote waseme hapana, mimi mwenyewe nitakunja, nitaenda zangu kuchuma kahawa. Hiyo ndiyo dira ya pamoja. Si kubandika karatasi ukutani kama watoto wa chekechea.

BASILIA: Atakufukuza kwenye ushirika.

SEVERO: Anifukuze. Kahawa yangu nitaibeba mgongoni. Mgongo huu umeshabeba kizito zaidi. (anaongea pembeni) Karibu, mama, kaa hapo, chukua jani. Sogeza mguu, Toribio.

BASILIA: Toribio yuko humo?

SEVERO: Tangu alfajiri. Anasema jana hakumaliza, jina lake lilikuwa mwanzo tu wa sentensi. Na huyu anayeingia ni Mama Eulogia. Anasema ana neno kuhusu maji ya kuoshea kahawa, wamelibandika kwenye fungu la "usafi".

BASILIA: Eulogia? Yule mwoga?

SEVERO: Mwoga ana miguu pia. Kajua njia.

BASILIA: Wako wangapi?

SEVERO: Kumi na moja. Hapana, kumi na wawili, huyu mlangoni amekuja na benchi lake.

BASILIA: (kwa sauti ya chini) Apaza anakuja huku. Ananiangalia. Ana funguo za ukumbi mkononi.

SEVERO: Mwambie mlango umefungwa kwa ndani na watu.

BASILIA: Shemeji, anasema nimwambie umekubali.

SEVERO: Mwambie unachotaka. Wewe ndiye katibu. Umeshaandika mengi.

(sauti ya mwanamume kwa mbali, haisikiki vizuri)

BASILIA: (mbali na simu) Hapana, Mwenyekiti. Hajakubali. ... Hapana. Siendi kukunja. ... Kwa sababu kadi yake niliiandika vibaya. Mimi. Na si kadi peke yake. ... Nasema si kadi peke yake! Unajua karatasi ipi. ... Basi waambie wageni waketi juani kidogo, kahawa haiozi kwa saa moja. ... Hata siku nne. Ndiyo. Hata siku nne!

SEVERO: Basilia?

BASILIA: Mhuri niliokutunzia huu hapa, ushike. ... Ushike, Mwenyekiti, mkono wangu unachoka! (karibu na simu) Shemeji, upo?

SEVERO: Nipo. (anakohoa) Nimekusikia. Wote humu wamekusikia, nimeiweka simu sauti ya juu.

BASILIA: Mungu wangu.

SEVERO: Toribio hajasikia, wanamwambia tena.

BASILIA: Nakuja. Nitalisema la karatasi mwenyewe, humo ndani, mbele ya watu. Kabla yako. Unisikilize bila kunikatiza, maana wewe kwa kukatiza—

SEVERO: Sikatizi.

BASILIA: Umeona? Halafu na lako uliseme lote, hata likiwa na maneno elfu. Salio linalia, sijui kama—

SEVERO: Pita njia ya juu, usipite kwa Apaza. Na Basilia, upande wa Nicanora uko wazi. Sikumruhusu mtu yeyote akae.

BASILIA: Najua. Nimekuwa nikiuogo—

(simu inakatika)

SEVERO: Haloo? Basilia? ... Haloo! Basi lete na supu. Tumekuwa kumi na wanne humu, na hakuna hata mmoja aliyeishiwa neno.