Hatua Kumi na Nne Kuelekea Mashariki

"Taarifa Rasmi ya Kuhamishwa kwa Mahali Linaposimama Gari la Kituo cha Kutwa cha Watu Wazima Wenye Ulemavu wa Akili, kwa Hatua Kumi na Nne Kuelekea Mashariki." Karatasi hiyo ya mihuri miwili na sahihi tatu ilibandikwa kwenye nguzo ya taa, kando ya Ziwa Erie, na maana yake ilikuwa moja tu: gari sasa lingesimama mbele kabisa ya benchi la duka la donati, walipozoea kunywa kahawa Verna Kubiak na mwanawe Randall, mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Tangu Mei, Randall hakuwamo tena kwenye orodha ya kituo. Hata hivyo kila asubuhi alivaa shingoni kitambulisho chake cha zamani, akabeba mkoba wa chakula, akaja kuwaaga wenzake.

— Ni kompyuta, alisema Delbert, mwenzao wa benchi, aliyeitwa Jaji kwa kuwa aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakamani, siku mbili nzima. — Imemchanganya na Randall mwingine.

— Wewe Jaji kila kitu kompyuta! Mkeo alipokuacha pia ulisema kompyuta.

Huyo alikuwa Lonnie, fundi bomba, jina lake la kijiweni Antena, kwa kunasa kila uvumi.

— Wanapunguza watu ili gari liwe jepesi, bwana, aliendelea Lonnie. Gari jepesi halili mafuta.

— Ndiyo wamtoe Randall, wamwache Earl Bonge?

— Ujanja wenyewe huo, mzee! Ili usishtuke.

— Aa, basi ni ziwa. Jengo linadidimia. Wanawatoa mmoja mmoja kimyakimya, watu wasitaharuki.

— Hapo sasa umesema, Jaji.

Verna alikoroga kahawa isiyo na sukari.

— Mama, leo Jumanne, alisema Randall. — Kituoni tunaoka mkate wa ndizi.

— Najua, baba.

— Peggy hajui kukoroga. Anamwaga.

— Najua.

Gari likafika. Randall akapita dirisha kwa dirisha akigonga kioo, akitaja kila mtu kwa jina. Dereva alikuwa mgeni, binti aliyevaa kofia ya sufu. Akafungua mlango.

— Kaka, baridi hiyo. Mbona hupandi?

Randall akageuka kumtazama mama yake. Dereva akasubiri kidogo, kisha akafunga mlango taratibu.

Kilichotokea ni hiki. Mwezi Machi afisa wa wilaya alikuja na fomu ya tathmini, akaketi jikoni kwa Verna. Wazazi wenzake walikuwa wamekwisha kumwonya: mweleze siku ya mwanao iliyo mbaya kuliko zote, maana anayejiweza hufutwa kwenye orodha. Afisa akauliza kama Randall anaweza kuoga mwenyewe, kujipikia, kushinda nyumbani peke yake. Randall alikuwa pale pale mezani, anasikiliza. Verna alijibu kwamba anaweza yote.