Shangazi na Farasi Wasio na Lijamu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Mkurugenzi wa shule yetu ya upandaji farasi, Daktari wetu wa mifugo, walimu, wazazi, wanachama wa shule, watunza mabanda, wanafunzi, na hasa ninyi ndugu na jamaa mlioketi safu ya mbele: naomba niwaamkie wote kwa pamoja, kwa kuwa kuna keki pale mezani na wanafunzi wameshaanza kuikata kwa macho.

Tarehe mosi ya mwezi ujao, mkufunzi wetu mkuu atastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti tutakachomkabidhi, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Mpwa wake alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza aliowafundisha, akawa anamwita Shangazi mbele ya kila mtu. Haukupita muda, shule nzima ikawa wapwa zake, Mkurugenzi akiwemo.

Tunamuaga kwa furaha, ila kuna jambo moja halijatulia, nami nalitaja mapema lisije likatushtua baadaye. Kwa miaka mingi farasi wetu wamefundishwa na kupandwa kwa hatamu isiyo na lijamu, yaani bila kile chuma kinachokaa kinywani. Je, Shangazi akiondoka, chuma kirudi? Hatutatoka ukumbini bila jibu.

Hakuajiriwa kufundisha. Aliajiriwa kama fundi wa ngozi, akapewa chumba kidogo nyuma ya ghala la majani makavu, chenye dirisha moja, cherehani nzito, na harufu ya mafuta ya kulainishia matandiko ambayo hadi leo humfuata mpaka kwenye sherehe. Kazi yake ilikuwa kushona kilichokatika. Akagundua kwamba hatamu zinazokatika mara kwa mara ni za farasi mmoja: jike mwekundu aliyebandikwa jina la Bi Kiburi, kwa sababu alirusha kichwa kila mpandaji aliposhika kigwe, ile kamba ya kumwongozea. Wengi walisema ana tabia mbaya. Shangazi alimwita Daktari. Daktari akamfungua kinywa, akakuta kidonda cha siku nyingi kwenye ufizi, pale pale chuma kinapokaa, akaagiza asitiwe lijamu mpaka apone.

Kupona kungechukua miezi, na farasi asiyepandwa kwa miezi huisahau kazi. Hapo ndipo Shangazi alipokaa kwenye cherehani yake akashona hatamu ya namna nyingine: ukanda mpana wa kupita juu ya pua, na kamba mbili za ngozi zinazopishana chini ya taya, ili mpandaji akivuta kigwe cha kulia, farasi asikie msukumo laini upande wa kushoto wa uso. Daktari aliipima kwa vidole, akaomba ilegezwe kidogo. Ikalegezwa.

Siku ya kwanza Bi Kiburi alikwenda alikotaka mwenyewe, yaani kwenye lango la malisho, akasimama hapo na fundi wa ngozi mgongoni kama abiria aliyepitishwa kituo chake. Watunza mabanda waliokuwa wameegemea uzio hawakumwacha salama.

“Fundi, hebu mwulize kama anarudi!”

Naye, bila kugeuka: “Nimeshamwuliza. Anafikiria.”

Alifikiria wiki kadhaa. Katika wiki hizo Shangazi alijifunza kumwomba farasi kwa uzito wa kiuno, kwa miguu na kwa pumzi, na kuuacha mkono useme mwisho. Farasi aliposikiliza, mkono ulilegea papo hapo, na huko kulegea ndiko kulikokuwa shukrani. Kichwa kilichokuwa kikirushwa kikatulia. Kidonda kilipofunga, Daktari aliruhusu lijamu irudi. Hakuna aliyekwenda kuichukua. Mwaka uliofuata Shangazi alihamishwa kutoka chumba cha ngozi kwenda uwanja wa mazoezi, na farasi wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine.

Msidhani mambo yalinyooka tu. Mwalimu wetu wa kuruka viunzi, ambaye sote tunamwita Kamanda, aliipenda hatamu mpya kupita kiasi. Aliamini kwamba pasipo chuma hapana maumivu. Basi akaufunga ukanda chini mno, pale mfupa wa pua unapoisha na nyama laini kuanza, kisha akavuta kwa nguvu zake zote. Farasi alikoroma, akarudi nyuma mpaka uzio ukalia. Shangazi hakubishana. Aliufunga ule ukanda kwenye mkono wa Kamanda, karibu na kifundo, akampa mwanafunzi kigwe.

“Vuta kama alivyovuta Kamanda.”

“Taratibu, mwanangu! Taratibu, huo ni mkono wa mtu!”

“Umeona, Kamanda?” akasema Shangazi. “Umemtolea chuma mdomoni, ukakihamishia kiganjani mwako.”

Kamanda yupo hapa, anacheka kuliko wote, na ndiye aliyesisitiza kisa hiki kisirukwe. Tangu siku ile hakuna mpandaji mpya, awe mtoto au meneja wa benki, anayepanda kabla ya kufungwa ukanda mkononi na kuvutwa na mwenzake. Tunaliita somo la mkono. Wenye haraka hulichukia, kisha hulikumbuka kuliko masomo mengine yote.

Haki itendeke pia kwa kinywa kisicho na kazi. Katika siku ya kuwakaribisha wazazi, Bi Kiburi alisimamishwa kando ya mgeni rasmi kama mfano wa utulivu. Mgeni alihutubia kwa ufasaha huku shada lake la maua likipungua taratibu upande wa kushoto. Alipoinua mkono kulipokea shangwe, alikuwa ameshika vijiti.

Nirudi kwenye lile lisilotulia. Shangazi hakuwahi kutudanganya kwamba hatamu hii ni dawa ya kila kitu. Husema wazi kwamba si breki, na kwamba breki imo ndani ya mazoezi. Mwaka jana baba wa mmoja wa wanafunzi wetu hodari alimfuata uwanjani akiwa na uchungu wa haki. Binti yake alikuwa amejiandaa kwa mashindano ambayo kanuni zake zinadai lijamu.

“Shangazi, wamemwambia hakuna chuma, hakuna kushindana. Mimi nimwambie nini mwanangu?”

“Mwambie ukweli, baba. Kanuni si yako wala si yangu. Lakini mdomo ni wa farasi, na mkono ni wa binti yako. Niachie mkono.”

Akachagua mwenyewe lijamu laini kuliko zote, akamzoeza farasi bila pupa, akamkataza binti kugusa kigwe mpaka kiuno kimeshasema. Binti alishika nafasi ya tatu. Mwamuzi alikuja kuuliza ni nani aliyemfundisha farasi mwenye kinywa kimya namna ile. Baba yule ameketi katikati ya ukumbi huu, na leo amevaa tai kwa heshima ya Shangazi.

Shangazi, ahsante kwa mikono uliyoilainisha, yetu ikiwa ya kwanza. Ahsante kwa kutukaripia bila kutuvunja moyo. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele ya mabanda, afya ya magoti, na wapwa wasiokoma kukutembelea.

Sasa uamuzi. Halmashauri imepitisha azimio kwamba kila farasi na kila mpandaji wa shule hii ataanza bila lijamu, na kwamba atakayehitaji chuma kwa mashindano atakipata tu baada ya mkono wake kupimwa na wakufunzi wawili. Kwa mujibu wa katiba yetu, azimio hilo halina nguvu mpaka wanachama waliopo walithibitishe, na walimu watafuata mtakachoamua, chochote kiwacho.

Shangazi ameomba atoke wakati wa kura. Anasema akibaki mtamtazama usoni mshindwe kukataa, naye hataki kuwa lijamu vinywani mwenu.

Ndugu uliye mlangoni, mfungulie. Wanachama mnaoliafiki azimio, simameni. Msioliafiki, kaeni bila hofu.